Kilichobaki Chini ya Karai

Babu yangu mzaa mama alivunjika jino harusini. Nianze hapo, maana nikianza mtoni nitalisahau hili la jino, na jino ndilo lililotufikisha mtoni. Lilikuwa jino la mbele, la mwisho kumbakia upande wa juu, na alilionea fahari kama mwenzake anavyoionea nyumba ya ghorofa. Sinia la pilau likaletwa, babu akatafuna, tukasikia ko. Kijiwe. Wazee wa Mambrui wana adabu zao, hawakucheka mpaka yeye mwenyewe alipocheka, na alipocheka ndipo tukaliona pengo.

Tangu hapo mama hakuuamini mchele wa mtu yeyote. Na kweli mchele wa siku zile ulikuja na mawe ya kutosha kujengea choo. Akamfundisha mdogo wangu wa kike kuukosha kwa namna yake: unatia maji bakulini, unazungusha, unainamisha kidogo, mchele unaondoka na maji kuingia bakuli la pili. Kijiwe kwa uzito wake kinabaki chini. Kilichobaki chini kinatupwa, tena upesi, kwa kulipiga bakuli mkono, usije ukasahau. Mdogo wangu akakosha hivyo utoto wake wote, hata mkono ukawa unakwenda wenyewe huku yeye akipiga soga.

Basi huyo ndiye aliyekuja kuolewa na mtu wa visiwa vya kaskazini. Ilikuwa miaka ile ya themanini, watoto wakiletewa maziwa shuleni, nami nikiyanywa ya wanangu waliokuwa hawayataki. Shemeji alikuwa mpole, msimulizi, na alikuwa amefanya kazi bara, karibu na ziwa, kwenye mito wanakokosha dhahabu. Alirudi na karai la chuma lililobonyea na maneno mengi. Mimi chuoni, kwa mwalimu wa Kurani, nilihitimu, lakini shule nilifika darasa la tatu tu. Maneno yale niliyashika kwa kuwa aliyasema kila siku.

Alisema mwamba wa mlimani hupasuka kwa jua na mvua, vipande vikaporomoka mtoni, na mto ukavisaga na kuvibeba. Vyepesi hukimbia na maji. Vizito huchoka njiani vikalala: nyuma ya mawe, mashimoni, na upande wa ndani wa kona, ambako maji huenda polepole. Vinavyofika mwisho hupokewa na bahari, wimbi likaleta, likarudi na vyepesi, likaacha mchanga mweusi kama ile michirizi iliyoko pwani kwetu. Dhahabu ni nzito kupita vyote, kwa hiyo hulala na ule mweusi. Na huu unaong'aa Mambrui, ambao kila mgeni huuteka kwa kiganja akashangilia? Huo ni ulanga, alisema, mwepesi kama magamba ya samaki. Kama ungekuwa dhahabu usingekaa juu.

Sasa shamba la mdogo wangu, aliloachiwa na marehemu baba yetu, liko kwenye kona ya mto Sabaki. Upande wa ndani. Shemeji alipoliona mara ya kwanza alilizunguka lote kwa miguu, na mimi nikadhani amependa migomba.

Alichimba kiangazi kizima. Migomba ikaanguka mmoja baada ya mwingine. Nilimuuliza, huko juu mto unakotoka, dhahabu ipo? Maana mto hauleti usichopewa. Akanijibu kwamba Sabaki ni mrefu, unapita milima mingi, mmoja hautakosa. Ningesema nini, nami mlima wenyewe sijauona?

Siku alipofika chini ya udongo mfinyanzi akakuta tabaka jeusi, homa ilikuwa imemkamata, meno yakigongana. Akalala kwenye majani, akamwomba mkewe akoshe karai moja tu, la kwanza, aone. Mimi nilikuwa hapo nikikata makuti. Mdogo wangu akaingia maji ya magotini akakosha, na alikosha vizuri kuliko mumewe, karai likizunguka kama pia, huku akinieleza habari za ugomvi wa majirani. Mchanga mwepesi ukaondoka wote. Kisha mkono ukapiga, pa, na karai likawa tupu.

Shemeji aliinuka akakaa. "Umekitupa wapi?"

"Nini?"

"Kilichobaki chini."

"Mawe?" Mdogo wangu akacheka. "Mawe hutupwa, baba watoto."

Hakumkemea. Aliingia mtoni na homa yake akachota mchanga kwa mikono, mahali pale, na maji yalikuwa yanapita.

Makarai yaliyofuata, ya shimo lile lile, yalitoa mchanga mweusi mtupu. Mvua za bara zikashuka, mto ukajaa, ukafukia shimo. Lakini lile karai la kwanza likabaki kichwani mwake, na kila siku likazidi kuwa zito. Hakulala vizuri, hakusimulia tena, na kwa mkewe alisema maneno ya lazima tu: maji, kanzu, mlango. Nilimwambia, shemeji, kama mengine hayakuwa na kitu, na lile halikuwa na kitu.

"Wewe uliona kilichokuwamo?"

"Sikuona."

"Basi."

Nilikwenda kumwona mzee wetu mmoja akaja kumnasihi. Shemeji akamsikiliza, akampa kahawa, akamsindikiza. Mdogo wangu naye alilia, akaomba radhi kwa kitu asichokijua. Halafu akaanza jambo lililonitia uchungu kuliko kilio: alipokosha mchele hakutupa tena kilichobaki. Alikiokota kijiwe kwa ncha za vidole akakiweka kwenye kisahani, dirishani, mumewe apate kuona.

Ijumaa moja asubuhi nilikuwa kibarazani kwao nikingoja chai. Mdogo wangu yuko uani, mbele yangu, na bakuli lake. Shemeji akatoka amevaa kanzu safi, akasimama akamtazama anavyozungusha, mpaka mwisho. Kijiwe kimoja kikaingia kisahanini.

"Utarudi kula?" mdogo wangu akauliza.

"Weka chakula."

Akanipa mkono. "Shemeji, nakuja," akasema, na kwetu anayesema nakuja ndiye anayeondoka. Akapita karai lake limeegemea ukutani, hakuligusa. Hakushika njia ya mtoni. Alishika ya barabara kuu, akaenda, na hakurudi.