Nitolee Gia

Mke wa fundi alilijua gari lake kwa mguu wa kushoto. Madereva wengine husikiliza injini; yeye aliusikiliza unyayo, pale klachi inapoanza kushika, na abiria wake wa nyuma hawakujua gia imebadilishwa saa ngapi. Lilikuwa gari la zamani, la taa za duara na bampa za kung'aa, na kwa miaka mingi alilifanyia teksi kati ya stesheni na hospitali. Ndilo lililowakutanisha. Alikwenda gereji kumgombeza fundi kwamba giaboksi aliyoifunga inalia kwenye gia ya pili kama mtoto aliyeachishwa ziwa. Fundi akaishusha tena. Baadaye akamwoa. Nyumbani waliitana Dereva na Fundi, hata mbele ya wageni.

Kisha sukari ikamla mguu. Kilianza kidonda cha kubanwa na kiatu. Madaktari wakakata vidole, halafu wakarudi wakakata chini ya goti. Mguu wa kushoto.

Siku ya kwanza alipoweza kutoka hadi uani peke yake, alijikokota kwa magongo hadi garini, akakaa kwenye usukani. Gari lilikuwa limeegeshwa likiwa kwenye gia, na gia ile haikutoka bila klachi kukanyagwa. Fundi alikuwa bombani akinawa grisi.

"Fundi," akamwita, "nitolee gia."

Fundi akaitikia sawa, akaingia haraka kibandani kwake, kwa sababu machozi yalikuwa yanamlengalenga na hakutaka aonekane.

Nimesikia mafundi wakitukana magari kwa lugha nyingi, na katika baadhi ya lugha hizo kuilegeza gia na kuing'oa ni maneno mawili yasiyofanana. Kwetu yote ni kutoa. Dereva akikwambia umtolee gia, unausogeza mkono wa gia katikati ili gari lisukumike. Ila mume huyu alikuwa amelala chini ya magari maisha yake yote, na kwake kutoa gia ni kufungua propela, ule mtaimbo unaozungusha magurudumu, na kuishusha giaboksi nzima. Alielewa kwamba mkewe amekata tamaa na klachi, anataka gari la otomatiki. Yeye aliyeyaita magari hayo vitanda vyenye magurudumu! Hakuthubutu kumwuliza mara ya pili. Aliona ombi lenyewe limemgharimu vya kutosha.

Kesho yake akapandisha gari kwenye jeki. Giaboksi ya otomatiki aliipata kwenye gari lililogongwa; ilikuwa nene, haikuingia, ikabidi aikate sakafu katikati na kuchomelea bati jipya. Pedali ya klachi akaing'oa. Ile giaboksi ya zamani akaifungua, na kwa kuwa vipuri vyake vilikuwa adimu, gia zake akazifunga moja moja kwenye magari ya wateja waliokuwa wakisubiri.

Mkewe aliyaona yote kutoka dirisha la chumbani. Maongezi yakampungua. Fundi alidhani ni maumivu ya kidonda, naye akazidisha kazi. Shemeji yake, mdogo wa mke aliyekuja kumwuguza dada, alimsimamia mlangoni akamwuliza kama alioa dada mtu au alioa gari, maana mwenye mume yuko ndani anaongea na ukuta. Fundi alicheka tu, akasema subiri, utaona.

Mguu wa bandia ulipokuwa tayari, alimsindikiza mkewe kuuchukua. Mtengenezaji alipiga magoti, akafunga mikanda, kisha akakizungusha kifundo mbele nyuma, akijivunia kazi yake.

"Ndicho ulichoniagiza ukiwa bado wodini, mama. Kitakanyaga klachi. Ni mazoezi tu."

Fundi alikuwa amekaa kwenye benchi. Walipofika nje akamgeukia mkewe.

"Si wewe uliyeniambia nikutolee gia?"

"Nilitaka unisukume hadi getini, nishike usukani kidogo."

"Na nilipoanza kukata, mbona ulinyamaza?"

Mkewe alisimama kuyaweka magongo sawa. "Nilijua umeshapima, ukaona sitaweza tena. Wewe ndiye fundi."

Fundi alizunguka kwenye mabohari ya vyuma chakavu akitafuta giaboksi kama ile. Aliyepata kuiona mara ya mwisho hakukumbuka ni lini. Aliwaza kuwafuata wateja awaombe gia zake, akafika kwa wa kwanza, akamkuta anapakia watoto garini, akamsalimia na kurudi.

Akalimaliza gari kama lilivyo. Mkewe akalijaribu, akazunguka mtaa, akarudi uani taratibu. Mguu mpya ulikuwa umenyooka pale palipokuwa na klachi, hauna kazi.

"Linaendaje, Dereva?"

"Linakwenda." Alizima injini, akamwita mdogo wake, ambaye hajawahi kushika usukani, akampa ufunguo. "Jifunze wewe. Hili anaweza yeyote."

Alisema ana kliniki, afadhali waanze leo. Shemeji akaketi mbele, akimwangalia fundi kama anayeomba ruhusa. Fundi akamweleza breki ni ipi na mafuta ni yapi. Hapakuwa na la ziada la kueleza. Mkewe alikuwa ameshafungua mlango wa nyuma, anakaa upande wa abiria.