Pamba ya Nyumba ya Chumba Kimoja

Kosa moja linastahili adhabu kali kiasi gani? Niliwahi kulijibu swali hilo kwa tarakimu, na hadi leo sijui kama nilijibu sawa.

Ushirika ulikuwa umekwisha kuliachia soko, na pamba ya Bariadi ikawa ya kampuni binafsi. Moja iliniajiri kwa majaribio nilipotoka chuo kikuu, niandike programu ya kutenganisha pamba safi na fifi, ile ya daraja la chini iliyofifia, kwa vipimo vya weupe na unyevu. Programu ile huchora mpaka kati ya makundi mawili na kuacha uwazi mpana kandokando yake. Kwanza, hata hivyo, huitaka namba: kila sampuli iliyoangukia upande usio wake iadhibiwe vipi. Ukiwa mkali, yaani namba ikiwa kubwa, mpaka hujipinda kuifuata kila sampuli, kisha hupotoka pamba mpya ikija. Ukilegeza, mpaka hutulia, lakini wachache huachwa ng'ambo.

Kati ya walioachwa nilimjua mmoja: mama yangu mdogo wa kijiji cha Sola. Alikuwa na chumba kimoja, akapikia humo humo alimohifadhi pamba. Moshi uliififisha, ikafanana na ile ambayo watu huimwagia maji iongezeke uzito, kisha huianika juu juu ili kipimo cha unyevu kisiinase.

Mzee aliyepanga madaraja kwa mkono kabla yangu alizivuta nyuzi za sampuli ya mama mdogo, akacheka.

"Hii ni safi, msomi. Mashine yako inanusa jiko, haioni pamba."

"Nikiikubali hii, mzee, na ya maji itapita."

"Na mayu, mama yako huyu, aipeleke wapi? Mwaka huu wanunuzi ni ninyi tu, na fifi hamtaki."

Nilijaribu. Kwa namba kubwa, pamba yake ilipita, na ya maji nyingi ikapita nayo. Kwa namba ndogo, ya maji ilinaswa, na yake pia. Meneja alitaka jibu kabla ya kufunga ofisi. Nikampa namba ndogo. Sikumweleza makosa yangeangukia nyumba za namna gani. Nilijiambia kuwa ni hesabu. Ulikuwa pia woga wa kukosa kazi.

Asubuhi mama mdogo alifika na mkokoteni wa ng'ombe.

"Mwangaluka, mwanangu. Mashine yako imeamkaje?"

"Salama, mayu."

Nikachota pamba, nikaipima. Kisha nikaandika FIFI kwa chaki kwenye mizigo yake yote mitatu, nikamsaidia kuipakia tena.