Plasta Juu ya Kitufe

Wanafunzi wangu wa kinanda hapa Kibaoni wananinung'unikia kwa sababu ya plasta. Nimeibandika juu ya kitufe kimoja cha kinanda cha parokia, na nimewaambia: nyie ibandueni tu, mtaniona. Wanasema nimezeeka kabla ya wakati. Waseme.

Kitufe chenyewe ni cha wavivu. Unajifunza nyimbo zote kwa vibonye vyeupe tu, halafu ukitaka wimbo upande au ushuke unakibonyeza, kinanda kinakufanyia kazi. Wapigaji wengi wa kwaya zetu wanaishi hivyo maisha yao yote. Mwalimu wangu alikuwa hataki hata kusikia. Alikuwa mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mzaliwa wa Karema, na kule misheni alijifunzia kinanda cha kukanyaga kwa miguu, kisicho na umeme wala vitufe. Siku ya kwanza alitoa plasta mfukoni, akaibandika.

"Binti, vyeusi navyo ni vya Mungu," akasema.

Mimi nina kichwa kigumu. Nilivumilia mwezi mmoja, vidole vinagongana, kwaya inanicheka. Basi Mwalimu akiwa hayupo nikawa naibandua, nikimaliza kupiga naibandika tena. Watu wakanisifu, na mimi nikavimba kichwa.

Kisha Mwalimu akaanza kuumwa ini, akawa haji tena kanisani. Nilipokwenda kumjulia hali, mkewe aliniwekea kiti karibu na kitanda. Mwalimu akanipa karatasi ya wimbo aliotunga mwenyewe, wa kumuaga marehemu. Do yake ilikuwa kwenye kibonye cheusi, kile cha katikati kwenye kundi la vyeusi vitatu.

"Nitazikwa kwetu Karema. Unipigie huu, kwenye kinanda kile kile nilichofundishiwa. Utaweza?"

"Nitaweza, Mwalimu."

"Plasta ipo?"

"Ipo."

Aliniangalia kidogo, akafumba macho.

Nilijaribu wimbo ule siku mbili tatu, ukanishinda. Nikajiambia muda bado upo, atapona tu. Hakupona. Alifariki kiangazi, kwaya ikajifunza wimbo ule msibani, tukamsindikiza kupitia Mpanda, vumbi tupu mpaka Karema, kando ya ziwa.

Kinanda kilikuwa pembeni ya altare, kimefunikwa kitambaa cheupe. Nilikaa, nikakanyaga, upepo ukaingia. Nikaanza kwenye ile Do nyeusi, mstari wa kwanza ukapita, wa pili nikakwama. Jamani, nikafanya nilichozoea: nikakimbilia vyeupe. Kinanda kile hakina kitufe cha kuushusha wimbo; ukapanda juu mno. Wanakwaya walipofika kwenye kiitikio sauti za akina mama zikapasuka, wakaanza kunyamaza mmoja mmoja, mpaka kanisa zima likawa kimya. Na mimi mbele ya jeneza la mtu aliyenifundisha, vidole juu ya vibonye, sijui pa kuelekea. Sijawahi kuona aibu kama ile. Nililia pale pale.

Ndipo mkewe, ambaye hakuwahi kuwa mwanakwaya, akasimama kwenye benchi la wafiwa. Akauanzisha wimbo upya bila kinanda, sauti pale pale ilipotakiwa. Kwaya ikamfuata hadi mwisho.

Tulipotoka makaburini nilimpigia magoti.

"Mama, nisamehe. Nilimdanganya Mwalimu. Ile plasta nilikuwa naibandua."

Akanishika mkono, akaniinua.

"Alijua, mwanangu. Plasta ikibanduliwa mara nyingi haishiki tena. Mara mbili alikwenda mwenyewe kuweka mpya, akakunyamazia, akitumaini utajirudi."

Akajifuta machozi kwa ncha ya kanga.

"Wiki zake za mwisho, kila asubuhi alikuwa ananiimbia ile sauti ya kuanzia pamoja na maneno yake, mpaka nikaikamata. Nikamuuliza ya nini, mimi mtu mzima nisiyejua kuimba? Akaniambia, 'Binti atakwama pale. Asikwame peke yake.'"