Sharti la Kurudia

Mume wangu aliwaambia mama yake na dada zake kwamba nina wazimu, na kwamba ananipeleka kwa mshauri nikatibiwe kichwa. Uongo mtupu. Nilimlazimisha twende wawili, kwa sababu alikuwa na mwanamke mwingine, na ule ulikuwa mwaka wao wa tatu.

Ni fundi friji. Mtaa mzima unamsifu kwa upole. Mteja akimfokea, yeye anacheka. Upole huo nimeishi nao miaka ishirini na mbili. Ukimuuliza jambo la maana, anakuuliza kama chai iko tayari.

Mshauri alikuwa mama wa makamo, miwani imefungwa kwa uzi. Alituona kwanza mmoja mmoja, kisha pamoja. Akatupa sharti: kabla hujajibu, rudia alichosema mwenzako, mpaka mwenyewe akubali kuwa ndivyo alivyosema. Mume wangu akatabasamu. Mimi sikusoma, lakini sharti lile nililipenda papo hapo.

"Umewaambia ndugu zako nina wazimu," nikasema, "ili nikimtaja yule mwanamke, asiniamini mtu."

"Anasema hapendi ninavyoongea na ndugu zangu."

"Sivyo nilivyosema."

"Mama watoto, jamani, tusiaibishane mbele ya watu."

"Rudia, baba," mshauri akasema. "Kujibu bado."

Alijaribu mara nne. Kila mara aliruka neno, kama fundi anayebakiza skrubu mfukoni, nami nikamrudisha mwanzo. Jasho likamtiririka shingoni. Mara ya tano aliyasema yote, wazimu, mwanamke na sababu. Nilifurahi, na sioni haya kusema hivyo. Nilitamani aumie zaidi.

Tuliposhuka ngazi akaniuliza, "Umeridhika sasa? Maana yaliyosemwa mle ndani ni siri. Mshauri mwenyewe kasema."

Kweli alisema. Basi huko nje mimi bado ni mwendawazimu. Jumapili iliyopita wifi yangu mkubwa aliniondolea kisu mkononi nikimenya viazi.

"Wifi, dawa umekunywa leo?"

Mume wangu alikuwa hapo hapo, anapuliza chai yake.

Kwa mshauri nimemaliza. Ninayemdai ni mume wangu: maneno yale yale, sebuleni kwa mama yake, dada zake wote watatu wakisikia.