Aliyetutwangia Katika Ukungu

Kama unataka kucheka, cheka sasa umalize, maana nikianza sitaki kukatizwa. Kisa hiki sikusimuliwa na mtu. Kilinipata mimi mwenyewe, pamoja na mke wangu Veronika, na shahidi wetu wa tatu yuko hai, anakula ugali wangu mpaka leo.

Mimi ni mtoto wa Likasi, mtu wa kiwanda kama baba yangu. King'ora kilipolia asubuhi, miguu ilikuwa chini kabla macho hayajafunguka. Kisha ikaja ile miaka ya tisini: mishahara ikakoma, tanuri zikapoa, king'ora kikanyamaza. Wengine walikwenda kuchimba madini. Mimi, ambaye hata kuogelea sijui, nikaenda kuvua samaki kwenye ziwa la Tshangalele, ng'ambo ya Kapolowe. Veronika akanifuata na mimba yake. Angebaki mjini ale nini?

Mvuvi aliyetupokea alinionyesha jiwe kubwa lililosimama kwenye ufuko wa upande wa pili, ule wa Kapolowe. Wenyewe huliita Libwe ya Kutwanga. Juu yake kuna shimo la duara kama kinu, na hakuna binadamu aliyelichonga. Bibi harusi hutwanga hapo unga wake wa kwanza, na kila anayeingia majini huacha konzi ya unga. Siku ya ukungu, yeyote aliye karibu huchukua mchi akatwanga, hata kama hana punje ya mahindi, ili walio majini wajue nchi kavu iko wapi.

"Ukungu ikianguka, usiangalie. Sikia tu," aliniambia. Niliitikia kwa adabu, na moyoni nikasema hawa watu wana mambo.

Uchungu ulimshika Veronika alfajiri moja, kabla ya siku zake. Mwenyeji wetu alikuwa amekwenda kuuza samaki. Maternite, hospitali ya wazazi ya misioni, iko Kapolowe, kwa hiyo nikamlaza mke wangu kwenye mtumbwi, nikapiga kasia. Katikati ya ziwa ukungu ukashuka, ukafunga kila kitu. Hata uso wa Veronika niliuona kwa shida. Damu ilikuwa imeanza kutoka. Niliogopa, sifichi.

Ndipo nikasikia king'ora. Niamini. King'ora cha kiwanda chetu, na mkwaruzo wake mwishoni. Likasi iko mbali mno na pale, na hilo nililijua vizuri, lakini mikono ilikuwa imekwisha geuza mtumbwi. Mtu aliyeitwa na sauti ile maisha yake yote, ataikataaje?

"Papa, unaenda wapi?" Veronika akaniuliza.

"Hausikie sireni? Tunaenda kule, kuko batu."

"Minye sisikie sireni. Minasikia muntu anatwanga. Huku, nyuma."

"Hakuna muntu anatwanga."

Akanishika mguu, kucha zikaingia. "Papa, ni minye niko nazala. Geuza!"

Niligeuza. Kwa muda mrefu sikusikia kitu isipokuwa king'ora mgongoni, kikilia kama kimekasirika. Halafu, mbele yetu, ndu, ndu, ndu. Mtumbwi ukagusa mawe.

Mama mmoja alikuwa amepiga magoti juu ya jiwe, anatwanga. Ukungu ulikuwa umetulowesha mpaka ndani, lakini nywele zake zilikuwa kavu, nyeupe kwa unga. Hakutuuliza tumetoka wapi. Aliweka mchi chini, akasema, "Kuya, mama. Shika mukono yangu." Akamshikilia Veronika mgongoni, na binti yetu akazaliwa pale pale, juu ya jiwe. Yule mama alimtazama sana.

"Huyu amefika," akasema. "Mupeleke kwa bamasere, mbio."

Niliinama mtumbwini kuchukua kitenge cha kumfunika mtoto. Nilipoinuka, yule mama hakuwepo, wala mchi. Na lile shimo? Utando wa buibui ulikuwa umelifunika lote, mzima, umejaa umande. Sasa nani alikuwa ametwanga ndani yake?

Kule maternite, kwa masista, mkunga, mwenyeji wa palepale, aliona alama ya kiganja cha unga mgongoni mwa blauzi ya Veronika. Akaketi kwanza.

"Bwana yake alipoteaka mu ukungu, minye bado kuzaliwa," akasema. "Njo maana anatwangaka. Banasema anamungojea."

Mtoto tulimwita Mersi, yaani asante.

Tuliporudi Likasi niliwauliza majirani. Wakanishangaa: king'ora kilie na nini, wakati nyaya zake zilishang'olewa? Lakini asubuhi nyingine bado nakisikia, na miguu inashuka kitandani yenyewe. Veronika haniulizi kitu. Anatoka uani, anatwanga kinu kitupu mpaka niketi. Siku hizi Mersi ndiye anayetwanga.

Kila mwaka tunapeleka unga kwenye lile jiwe, na mimi hushukuru kwa sauti, bila kujali nani anasikia. Mama yule alimkosa wake, akanirudishia wangu wote wawili. Nitamlipa nini?

Kwa hiyo wewe unayekwenda majini, nisikilize. Ukiitwa na sauti unayoipenda, muulize kwanza uliye naye kama anaisikia. Na ukipita Kapolowe siku ya ukungu, hata kama una haraka, panda juu ya jiwe utwange kidogo. Mpumzishe yule mama.