Waliopokea kwa Yaya

Miezi ile yote nilikuwa naomba rezo, mtandao wa simu, isirudi. Rezo ikikosekana hapa Kasongo, hakuna mutu wa kuniuliza kitu. Ikirudi, Yaya, yaani kaka yangu mkubwa, ananipa telefone yake bila kuniangalia usoni.

"Mudogo, angalia."

Mwenyewe haangalii. Anageukia ukuta kama mutu anayengoja sindano.

Ninachoangalia ni ukurasa wake kwenye intaneti. Watu wa sayansi wako na kurasa kama hizo: artikle, zile makala walizoandika, na pembeni namba inayoonyesha ni mara ngapi wengine wameitaja kazi yao ndani ya kazi zao. Wakubwa wa Ulaya wako na namba ndefu, na vijiti vya buluu vinavyopanda mwaka kwa mwaka. Yaya alikuwa na artikle moja, na sifuri.

"Sifuri," ninasema. Sauti yangu ni ndogo. Nyumbani wanasema ninaongea kama mutu mwenye chakula mdomoni.

"Sema tena."

"Sifuri, Yaya."

Artikle hiyo ninaijua vizuri kwa sababu nilishika kamba ya kupimia. Yaya alisomea mawe kule inivesite, chuo kikuu, halafu akapenda sayari, zaidi Marsi, ile Baba anayoiita Mirihi. Kule kuna makorongo makavu ambayo hakuna aliyeona maji yakiyachimba. Yaya akataka kuyalinganisha na makorongo yetu, haya ambayo mvua inayachimba nyuma ya nyumba na sisi tunaona. Yeye alishuka chini kabisa, mimi nikabaki ukingoni na ncha ya kamba, nikiona haya, maana watoto wa jirani walikuwa wanapiga kelele: "Munamupimia nani kaburi?" Mama mmoja aliyetoka shambani na muhogo kichwani akasimama kuuliza ni barabara gani itapita hapo.

"Si barabara, mama," Yaya akamjibu kutoka chini. "Ni Marsi."

Yule mama alituangalia sana. Kisha akamwambia mtoto wake: "Twende."

Artikle ilipotoka tulidhani mambo yamekwisha. Hapana. Profesa wake akamwambia kwamba kuandika peke yake hakutoshi. Ili aandikishwe kwa masomo ya doktora, lazima ionekane kwamba wengine wanaitumia kazi yake. Ndiyo tukaanza kungoja.

Majirani hawakuelewa tunangoja nini. Baba alielewa mara moja. Baba anafundisha watoto Kurani, na kwake elimu inashuka kwa mlolongo: fulani amepokea kwa fulani, naye kwa fulani, mpaka mwanzo. Maneno yasiyo na wa kuyapokea yanakufa na mwenyewe. Kwa hiyo akirudi kutoka msikitini hakumuuliza Yaya habari ya kazi wala ya mshahara.

"Nani amepokea kwako?"

"Bado, Baba."

Siku moja Baba akavua viatu, akakaa, akasema: "Mpaka Idi. Idi ikipita bila mutu, utamufuata mjomba wako huko Salamabila. Kule kwenye zahabu wanataka mutu anayejua mawe."

Yaya akasema ndiyo. Kwetu hakuna jibu lingine.

Idi ilipokaribia, namba ikabadilika. Moja! Mimi, mimi huyu, nilipiga kelele mpaka Mama akaacha kutwanga. Sikumngoja Yaya ageuke. Nilikimbia mpaka darasani kwa Baba, nikasema mbele ya wanafunzi wote: "Baba, wamepokea!" Baba akawaruhusu watoto mapema. Jioni akaja na wazee wawili wa msikitini, na Mama akachinjisha kuku.

Yaya alikula kidogo sana. Nilifikiri ni furaha.

"Haya," Baba akasema, "tutajie. Nani huyo aliyepokea?"

"Artikle yangu ya pili imetoka, Baba. Ndani yake nimeitaja ile ya kwanza."

"Vema. Na aliyepokea?"

"Ni miye."

Mzee mmoja akacheka, akidhani ni mchezo. "Sasa mwalimu ni weye, mwanafunzi ni weye! Na fimbo anakupiga nani?"

"Mashini inahesabu hivyo, mzee."

Baba hakucheka. "Mashini ihesabu," akasema. "Miye sihesabu."

Nilikuwa nimesimama mlangoni na birika la kunawia. Nilikuwa najua kwa nini korongo la mvua linapanuka pale linapopinda, na nilijua nimeyasikia hayo kwa nani.

"Miye nimepokea," nikasema.

"Unasema nini?" Baba akauliza.

"Miye."

"Wamwagie wazee maji mikononi."

Nikawamwagia.

Baada ya Idi moto, pikipiki ya abiria, ilimchukua Yaya kwa njia ya Kabambare, begi lake limefungwa nyuma na mpira. Telefone ameniachia. Alisema kule hana cha kuangalia. Anatupigia kwa telefone ya mjomba, anasimulia mashimo, matope, bei ya mchele. Wiki iliyopita nilimuuliza: "Yaya, nikuangalilie?" Akasema: "Mama yuko namna gani?"

Bado ni moja. Ni yeye kumtaja yeye.

Mvua za mwaka huu zimekula ukingo niliposimama. Korongo lililo ndani ya artikle ile halipo tena, lililopo ni lingine, pana zaidi, na vipimo vya Yaya sasa si vya mahali popote. Ingefaa lipimwe upya. Kamba ile Mama anaianikia nguo.

Jana nilimwomba niifungue kidogo.

"Ya nini?" akauliza, pini za nguo mdomoni.

Nilijibu, lakini hakusikia, na sikurudia.