Jicho la Riyadh

Wacha niseme wazi: nina wivu. Sio ule wa kukunja uso kidogo kisha unampa mtu hongera. Wangu hunifanya niache ugali mezani.

Kocha wetu wa ngumi pale Homa Bay alitulea na Las Vegas. Hakuwahi kufika, lakini aliihubiri kama mbinguni, na ukutani alibandika picha yake aliyoikata gazetini. Enzi zake, alisema, Watanzania ndio waliokuja kwetu kufunzwa ngumi. Leo wapi! Pesa za ngumi zimehamia Riyadh, na njia yetu ya Riyadh inapitia Dar. Sisi ndio tunavuka mpaka kuomba pambano, kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani. Mla ni mla leo, mla jana kala nini?

Kwa hivyo wakala wa Dar alipopiga simu akitaka bondia mmoja wa kilo sitini, wa kupigana Riyadh, kocha alinitaja mimi. Hakukuwa na mjadala. Rafiki yangu, ambaye nimefanya naye mazoezi tangu shule, nilikuwa namchapa kila Jumamosi, na anajua. Yeye akawekwa akiba.

Gym yetu haina mizani. Mimi ni wa Mbita, nikaenda ufuoni kwenye mizani kubwa ya mnunuzi wa samaki, nikaning'inia kwenye ndoano. Akina mama wauza samaki wakaangua kicheko, wakinifanya sangara: "Huyu mbuta hana mafuta!" Mshale ukasimama kwenye sitini. Nikashukuru Mungu, nikaenda kula. Rafiki yangu, naye wa Mbita, alisafiri mpaka Rangwe kujipima kwenye duka la mahindi. Nilimcheka sana. Yaani nauli yote hiyo, ukapimwe na magunia?

Wakala alikuja na mizani yake mpaka Isebania, pale mpakani. Nikapanda. Sitini na nne. Nikavua suruali, nikapanda tena. Sitini na nne, jamani! Nikavaa gunia la plastiki, nikakimbia barabara ya Migori juani hadi nikatapika, na bado kilo zikakataa kutoka. Rafiki yangu akapanda, sitini kamili. Wakala akafunga mkoba, akamwambia, "Haya, twende." Mimi sikuangaliwa tena.

Pambano nililitazama kwenye simu, kibandani kwa kinyozi, Homa Bay. Lilikuwa la kwanza kabisa, viti vingi bado vitupu, lakini taa zile! Na kaptura yake ilimeremeta, ati yeye, ambaye alikuwa akiazima glavu zangu. Raundi ya pili akala konde la jicho, akaanguka. Watu wote wakashika vichwa. Mimi, Mungu anisamehe, nilipumua. Halafu kamera ikamsogelea usoni, dunia nzima ikimtazama, na wivu ukarudi mara mbili.

Aliporudi nilienda kwao. Mama yake, mwuza samaki, alikuwa akimkanda jicho kwa maji moto ya chumvi. Hata salamu sikumaliza.

"Omera, ndugu yangu, ulijua ile mizani inadanganya?"

Akanitazama kwa jicho moja. "Mizani ya mnunuzi wa samaki? Nani hapa Mbita hajui inakula kilo? Si babako huilaani kila siku? Mimi nilidhani unajua unachofanya."

Kweli, baba yangu mvuvi ameilaani tangu nizaliwe. Samaki wake wakipimwa, huwa ni mizani ya wezi. Nilipopimwa mimi, ikawa mizani ya Mungu.

"Mwanangu, nishikie karai," mama yake akaniambia.

Nikalishika. Jicho lile lilikuwa limevimba, jeusi, limefungika kabisa. Nililitazama hadi karai likainama na maji yakamwagika. Jicho lile lilikuwa liwe langu.